Kabla hujamlaumu mwenye duka kuwa kakuuzia bledi mbovu, angalia ulivyoifunga

Kazi yangu kubwa hapa Mombasa ni vibao vya ukutani: Bismillahi, Ayatul Kursiy, majina ya maharusi. Nakata kwa mashine ya msumeno wa nakshi, ile yenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka katikati ya meza. Herufi za Kiarabu zina macho mengi. Jicho la mim, la waw, la fa: kila moja hutobolewa kwa drili, bledi ipitishwe tunduni, ifungwe, ukate, uifungue tena. Kibao kimoja chaweza kukumaliza asubuhi nzima kwa kufunga na kufungua.

Ndiyo maana bledi za pini, zenye kijiti kidogo kilichopita kwenye kila ncha, siziweki. Pini haipiti kwenye jicho dogo. Zisizo na pini, za inchi 5, tundu la milimita 2 lazitosha, ila hushikwa na kibano peke yake, na huja na mafuta ya kuzuia kutu. Hapo ndipo penye balaa. Futa ncha zote mbili kwa spiriti, kisha zipitishie msasa laini. Kibano nacho kifute ndani. Nimeona mafundi bledi ikichomoka wanakaza skrubu kwa koleo mpaka hesi zinakufa, na mafuta yako palepale!

Chomoa waya kwenye soketi kwanza. Kuzima swichi hakutoshi, hasa kama mashine yako huwashwa kwa kukanyaga pedeli. Meno yaelekee kwako na yatazame chini, ama sivyo bledi itaunyanyua ubao na kuubamiza mezani. Meno ya bledi nyembamba hayaonekani kirahisi, kwa hiyo pitisha kidole polepole: ukipandisha yanakwaruza, ukishusha yanateleza.

Anza kibano cha chini, halafu cha juu, kisha vuta bledi ikaze. Idonoe kama uzi wa udi. Itoe sauti kali. Ukiisukuma kwa kidole isisogee zaidi ya milimita 3 hivi. Ikilegea, inatangatanga na kukata mshazari. Ikikazwa kupita kiasi, inakatika, na mara nyingi hukatikia karibu na kibano.

Meza lazima iwe pembe mraba na bledi, lakini kipimo cha digrii za mwinamo kilichochorwa chini ya meza mimi sikiamini. Chukua kipande cha ubao nene, kikate kidogo tu, kisha kizungushe uende nacho nyuma ya bledi. Mfuo ule ukiingia kwenye bledi bila kugusa, meza iko sawa. Ukigoma, rekebisha meza.

Jambo moja huwasumbua vijana wangu: wamefunga sawasawa, lakini mkato bado unakwenda upande. Bledi nyingi hubaki na ukali zaidi upande wa kulia tangu zinapotengenezwa, kwa hivyo huvuta huko. Usifungue tena. Uelekeze ubao mshazari kidogo, uendelee kukata.