Kujiandaa na IELTS Mtwara kwa Simu, Daftari na Saa

Nilipoanza kujiandaa na IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, nikiwa hapa Mtwara, niliamua kwamba akiba yangu ndogo itakuwa ya ada ya mtihani na nauli ya kwenda Dar es Salaam, na kwamba maandalizi yenyewe nitayafanya kwa simu, daftari na saa ya ukutani. Uamuzi huo sijaujutia.

Mtihani una sehemu nne, yaani kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na British Council, ambao ni miongoni mwa wamiliki wake, wameweka mifano ya maswali bure kwenye tovuti yao. Nilikuwa nikipakua sauti na maswali usiku kwa bando la bei nafuu, kisha mchana nafanya mazoezi bila kutumia intaneti kabisa.

Katika kusikiliza kuna maswali 40 na sauti husikika mara moja tu, kwa hiyo nilijikataza kurudisha nyuma, hata pale bodaboda ilipopita karibu na dirisha ikameza neno nililolihitaji. Baada ya wiki moja nilibaini kwamba sikio langu lilikuwa zima. Tahajia ndiyo iliyokuwa ikinila alama. Neno accommodation nililiandika kwa m moja mara tatu, na jibu lenye kosa la tahajia huhesabiwa kuwa limekoseka. Tangu hapo kila neno la namna hiyo nililiandika katika kurasa za mwisho za daftari, na jioni mdogo wangu alinisomea kumi, nami nikiyaandika upya.

Kuandika ndiko kulikohitaji jicho la mtu mwingine. Insha ya pili, yenye maneno yasiyopungua 250, ina uzito mara mbili ya ile ya kwanza ya maneno 150, na zote mbili hupewa saa moja. Jirani yetu, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, alikubali kunisahihishia; fedha alizikataa, akapokea korosho za kubangua kutoka shamba la mama. Kalamu yake nyekundu ilizungushia kosa lilelile kila ukurasa: nilianza kumtaja mtu kwa “she”, kama mwanamke, nikamalizia kwa “he”, kama mwanamume, kwa kuwa Kiswahili hutosheka na “yeye”.

Mazoezi ya kuzungumza niliyafanyia ufukweni Shangani, nikijirekodi: dakika moja ya kujipanga, kisha hadi dakika mbili za kusema. Nilikuwa naishiwa maneno mapema mpaka nilipoacha kubuni habari na kuanza kusimulia soko la samaki nililolizoea tangu utotoni.

Ada niliilipa mwishoni kabisa, baada ya majaribio matatu mfululizo kufikia kiwango kinachotakiwa na chuo ninachoomba, kwa sababu matokeo hutambuliwa kwa miaka 2, nami sikutaka kuanza kuihesabu kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.