Kabla dakika tatu hazijaisha

Juzi mwanangu kaniuliza kama panya wa maabara nao huogopa. Nikamjibu kwamba huogopa, na asubuhi moja ya zamani ikanirudia yote.

Tulikuwa tunaichunguza FKBP51. Protini hii, ikishirikiana na nyingine iitwayo Hsp90, hukishika kipokezi cha homoni za msongo na kukipunguzia uwezo wa kuinasa homoni. Kipokezi hicho ndicho kinachoujulisha ubongo kwamba homoni imetosha, kwa hiyo FKBP51 ikizidi, msongo huchelewa kutulia. Panya wetu wengine walizaliwa bila jeni yake. Wote walikuwa na namba tu. Sisi tuliowashika hatukujua yupi ni yupi.

Damu ya kwanza ilichukuliwa asubuhi, wakati kortikosteroni ya panya, yaani homoni yake ya msongo, iko chini. Ukishagusa kizimba, una kama dakika tatu; zikipita, unapima hofu uliyoileta wewe mwenyewe. Dada aliyekuwa akinifundisha hakumnyanyua panya kwa mkia. (Tangu 2010, watafiti Hurst na West walikuwa wameonyesha kwamba kushikwa mkia huwaongezea panya wasiwasi.) Alilaza mrija mpana ndani ya kizimba, akasubiri. Nilitamani kumharakisha, saa inakimbia! Panya akaunusa ukingo, akarudi nyuma, kisha akaingia mwenyewe. Dada akanimiminia panya kiganjani. Alikuwa mwepesi mno, na kupitia glavu nilihisi moyo wake ukienda mbio kuliko nilivyoweza kuhesabu. Mkato mdogo mkiani, tone likajitokeza, likapanda kwenye kapilari, kijimrija chembamba cha kukusanyia damu. Panya akageuka, akaninusa kidole gumba kwa muda mrefu, masharubu yakitetemeka.

Baadaye alibanwa kwenye mrija mwembamba ili apate msongo, tukachukua damu tena. Ikawa hivyo kwa wote.

Namba zilipofunguliwa tukajua yupi ni yupi, wasio na jeni ile walikuwa wametoa kortikosteroni pungufu kuliko wenzao. Nilifurahi, na hadi leo naiona kazi ile ilikuwa na maana: jeni hiyo tunayo na sisi, na baadhi ya aina zake zimehusishwa na majeraha ya kiakili ya watu walioteswa utotoni. Lakini tulichopima ni homoni. Kama yule aliyeninusa kidole aliogopa kidogo kuliko wenzake, au aliogopa vilevile huku damu yake ikinyamaza, sioni kipimo chetu kingewezaje kusema.