Siku Madam Alipoandika GAG Ubaoni

Mwaka 2009 nilikuwa kidato cha sita, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), katika shule ya bweni ya wasichana mkoani Mwanza. Niliyekaa naye dawati moja alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Maumivu yakimshika miguuni na mgongoni tulimpeleka zahanati ya shule, tukamhimiza anywe maji mengi, na jioni mmoja wetu alimnakilia notisi.

Madam wetu wa Baiolojia alikuwa mpole wa sauti, lakini mchoro mbovu hakuuvumilia. Notisi zilikuwa za Kiingereza; akitaka tuelewe, alifunga daftari na kusema Kiswahili. Siku ile alichora DNA, ile molekuli inayobeba maelekezo ya urithi ndani ya seli, kama ngazi iliyosokotwa. Akasema umbo hilo wanasayansi Watson na Crick walilitangaza mwaka 1953 wakiwa Cambridge, wakisaidiwa na picha ya eksirei iliyotoka maabara ya Rosalind Franklin kule London. "Jina la mama huyo liandikeni kwa herufi kubwa," alisema, nasi tukaandika.

Kisha tukaingia kwenye kunakiliwa kwake. DNA huandikwa kwa herufi nne: adenini (A) hushikana na thaimini (T) kwa vifungo viwili vya haidrojeni, guanini (G) na sitosini (C) kwa vitatu, kwa hiyo ukiujua uzi mmoja umekwisha kuujua wa pili. Kimeng'enya helikesi huziachanisha nyuzi, kingine, polimeresi, hupita ikipanga herufi mpya mbele ya zile za zamani, na kila seli changa hurithi uzi mmoja wa kale na mmoja mpya. Wanasayansi Meselson na Stahl walilithibitisha hilo mwaka 1958 kwa bakteria waliokuzwa kwenye naitrojeni nzito. Hadi leo sijafundishwa jaribio zuri kuliko lile.

Ndipo akaandika GAG, na chini yake GTG.

RNA, alieleza, hubeba ujumbe kutoka kwenye DNA, na mahali pa T huweka U. GAG hubaki GAG. GTG huwa GUG. Ribosomu, kiwanda cha protini ndani ya seli, ikisoma GUG huweka asidi amino iitwayo valini pale palipotakiwa asidi ya glutamiki, nafasi ya sita katika mnyororo wa beta wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Basi himoglobini hiyo ikishaachia oksijeni hugandana nyuzinyuzi, seli inajikunja mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hii haifiki hata mwezi.

Rafiki yangu alisimama bila kunyoosha mkono. "Madam, kwa hiyo mwili wangu ndio unaokosea kunakili?"

"Hapana, mwanangu. Seli za uboho wako zinanakili sawasawa kile zilichopewa. Herufi hii ilibadilika kwa watu wa kale, maelfu ya miaka huko nyuma. Tangu hapo inanakiliwa vilevile."

Akaongeza kwamba mwenye nakala moja tu ya badiliko hilo hukingwa dhidi ya malaria kali, jambo ambalo Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alilionyesha mwaka 1954. Ndiyo maana herufi ile haikupotea. Sisi wa kandokando ya ziwa tulimwelewa upesi. Mbu wetu tunawajua.

Jibu lile nimelifikiria sana. Polimeresi ikiweka herufi isiyolingana hurudi nyuma, huiondoa, huweka nyingine. Uangalifu huohuo unaotulinda sote ndio uliomfikishia rafiki yangu ile T, kizazi hadi kizazi. Alikuwa ameishi miaka yote akiamini mwili wake haujui kazi.

Ule mchoro aliunakili upya kwenye karatasi safi na likizo ilipofika akaenda nao nyumbani. Kule mashangazi zake walikuwa wakisema ugonjwa umetoka kwenye damu ya ukoo wa mama, na mama mwenyewe alikuwa ameshakubali. Akamketisha baba yake, akamwonyesha kuwa mgonjwa wa aina yake ana nakala mbili zenye badiliko, moja ya mama, moja ya baba. Mzee aliishika karatasi, akauliza ile ya pili imetoka wapi hasa. Akamwelekezea kidole.

Mwezi uleule baba yake alikwenda kupima. Majibu yalirudi AS, yaani ana nakala moja yenye badiliko, na mashangazi waliambiwa na yeye mwenyewe.