Data ya vihisi hadi seva: saa na kaunta ndivyo vilivyonisumbua

Ni vihisi 12 vya unyevu wa udongo, kila kimoja na chipu ya nRF52840 inayoendesha Contiki-NG, mfumo endeshi wa vifaa vidogo. Vinaongea kwa redio na Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo, hapa naiita Pi), nayo inatoka nje kwa modemu ya laini ya simu. Kusimba data hakukunipa taabu. Taabu ilikuja umeme ulipokatika.

Sikutaka Pi ifungue data na kuifunga upya. Anayeiiba angesoma kila kitu. DTLS, itifaki ya kusimba data njiani, inaanzia kwenye kihisi na kuishia kwenye seva, bandari 5684, Pi inapitisha tu. Kila kihisi kina ufunguo wake wa baiti 16 (openssl rand -hex 16), nauingiza kwa waya pamoja na programu. Usigawe ufunguo mmoja kwa vyote: kinga ya APPROTECT (inayozuia kusoma kumbukumbu) ya chipu hizi, zile za matoleo ya awali, huvunjwa kwa kuvuruga umeme wake, na kihisi kimoja kikiibwa shambani vyote vimekwisha.

Nafasi ni finyu. Fremu ya redio, yaani pakiti moja inayorushwa, ni baiti 127, na DTLS pekee inakula 29: kichwa 13, nonsi (namba isiyopaswa kurudiwa kwa ufunguo mmoja) 8, alama ya uthibitisho 8. Data yangu ya maandishi (JSON) ilikuwa inakatwa vipande viwili, na kimoja kikipotea chote kinatupwa. Sasa natuma baiti 6: unyevu 2, joto 2, volti za betri 2.

Redio ina ufunguo wake wa usimbaji (AES), na kaunta ya baiti 4 inayohesabu fremu. Kihisi kikizima na kuwaka, kaunta ikarudi sifuri, mpokeaji anayekagua marudio atazitupa fremu zake. Baya zaidi, nonsi, inayojengwa kwa kaunta hiyo, inatumika tena kwa ufunguo uleule. Kuiandika kwenye flashi kila fremu kunaichakaza, kwa hiyo naandika namba iliyo 1000 mbele. Kihisi kikiwaka kinaanzia hapo na kuandika 1000 nyingine.

Pi inatumia handaki la WireGuard (njia iliyosimbwa hadi seva), na PersistentKeepalive 25, yaani pakiti ndogo kila sekunde 25, ili NAT (kibadilisha anwani) ya mtandao wa simu isisahau njia. Umeme uliporudi, handaki halikufunguka. Kwenye seva tcpdump (kichunguza pakiti) ilionyesha "UDP, length 148" kila sekunde 5, na jibu la baiti 92 halitoki ng'o. Ombi la WireGuard hubeba muda, na seva hukataa muda usiozidi ule wa mwisho iliouona. Pi 4 haina saa yenye betri, hivyo huwaka ikiwa nyuma. NTP, inayorekebisha saa kupitia mtandao, nayo niliipitisha ndani ya handaki hilohilo: saa inasubiri handaki, handaki linasubiri saa.

Nilitoa NTP nje ya handaki, AllowedIPs (orodha ya anwani zinazopita handakini) ikabaki na anwani za seva tu, kisha nikafunga saa ya DS3231 kwenye pini za I2C na kuongeza dtoverlay=i2c-rtc,ds3231 katika config.txt. Vibao vingi vya bei rahisi vya DS3231 vina njia ya kuchaji betri, na CR2032 haichajiki: ng'oa kwanza diodi ya kuchajia, au weka LIR2032.