"Boi! Leta chai!"

Tiketi ya mchezo wa kuigiza hapa London pauni 20, kodi ya chumba Tandika, Dar, mwezi mzima. Bahati nzuri sikulipa mimi. Alilipa bibi ninayemtunza, Mgujarati wa Nairobi aliyeingia London Februari 1968, wakati Uingereza inakimbizana na sheria ya kuwafungia mlango Waasia wa Kenya waliokuwa na pasi zake yenyewe. Nikamsukuma na kiti chake cha magurudumu, tukaenda kutazama Wahindi wakijiigiza.

Hata dakika kumi hazijaisha, mama mmoja jukwaani akapaza sauti: "Boi! Leta chai!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, kile cha mtu aliyekumbuka kwao. Mimi nikawa namsubiri huyo boi, mtumishi wa nyumbani, atokee. Wapi! Mkono tu ulichomoza pazia likasogea, ukashika sinia, ukarudi.

Nilinuna hadi mapumziko.

Lakini haki yao niwape. Jatinder Verma, mzaliwa wa Dar aliyekulia Nairobi, alifika huku 1968 hiyohiyo. Kijana Gurdip Singh Chaggar alipouawa Southall, mtaa wa Wahindi hapa London, mwaka 1976, yeye na wenzake hasira zao wakazipandisha jukwaani, ndipo likazaliwa kundi la maigizo la Tara. Sudha Bhuchar, naye mzaliwa wa Tanzania, mwaka 1989 akaanzisha kundi na mwenzake, wakaliita Tamasha. Neno lao la Kihindi, neno letu la Kiswahili, maana karibu ni ileile. Sisi Wabongo wa hapa tuna nini? Kamati za harusi na michango ya misiba.

Kiswahili cha bibi ni amri tupu: leta, funga, ngoja, haraka. Miaka miwili sijamsikia akinisimulia kitu kwa lugha hiyo. Kwenye basi tukirudi nikamuuliza, kwao walikuwa na boi?

"Iko," akasema. Akatazama dirishani. "Jina yake Mutua. Yeye nafundisha mimi baiskeli."

"Kwao wapi?"

Akafungua mkoba, akatoa leso, akaikunja, akaikunjua. Tukashuka kituo chetu hajanijibu.