Samaki wawili kwenye ndoo: siku moja ya fundi wa matangi ya maji chumvi

Saa 11:10 alfajiri, Kigamboni

Kabla sijanawa uso naingia stoo kuwatazama wageni wangu. Wako kwenye tangi la karantini la lita 40, halina mchanga wala jiwe, ni kipande cha bomba la plastiki tu cha kujifichia. Leo wanatimiza siku 31 humo. Namulika kwa tochi ya simu, pembeni, nisiwashtue. Mapezi yako wazi na pumzi haiendi mbio. Ngozi haina hata chembe moja ya ile mithili ya chumvi iliyonyunyizwa. Hiyo chembe ndiyo ninayoiogopa kuliko wezi. Ni kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans, na kikishaingia kwenye tangi lenye mawe na kamba huwezi kutia dawa ya shaba, kwa sababu shaba itaua kamba na matumbawe kabla ya kukumaliza wewe mfukoni. Ndiyo maana mgonjwa hutibiwa nje, na mzima pia hukaa nje kwanza mpaka aaminike.

Ni jozi ya wale samaki wanaoishi ndani ya anemoni, mnyama wa baharini mwenye minyiri inayowasha: rangi ya chungwa iliyopauka, na mstari mmoja mweupe unaoanzia mdomoni ukapita mgongoni mpaka mkiani. Jina lao la kitaalamu ni Amphiprion akallopisos, na ni wa bahari yetu hii. Nimewanunua kwa mzamiaji mwenye leseni, mmoja mkubwa na mwingine mdogo kwa makusudi. Samaki hawa huanza maisha wote wakiwa madume. Mkubwa wa jozi hugeuka jike, na jike akifa dume lake hupanda cheo likawa jike. Ukinunua wawili wa kimo kimoja watachaniana mapezi mpaka mmoja akubali kuwa mdogo, na kwenye tangi dogo anayeshindwa hana pa kukimbilia.

Nawahamishia kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, pamoja na maji yao na pampu ndogo ya hewa ya betri. Sikuwapa chakula tangu jana jioni, wasije wakachafua maji njiani.

Saa 1:00 asubuhi, pantoni

Foleni ni ile ile. Kijana mmoja mwenye kreti la soda ananiuliza, "Dada, hao changu?" Namfunulia kidogo. Anachungulia, anacheka: "Hawa hata kwa kitoweo cha paka hawatoshi."

Babu yangu angesema vivyo hivyo. Alikuwa akitega madema huku Mjimwema, na samaki kwake walikuwa na majina mawili, la baharini na la chunguni. Kangaja, chafi, kikande, mkunga, nimewajua kwake kabla ya kusoma kitabu chochote. Kitu kimoja tulichofanana ni kuwachukia watu wa baruti. Yeye kwa sababu waliharibu mawe aliyotegea, mimi kwa sababu tumbawe la miaka na miaka haligandi upya kwa gundi.

Saa 1:40, Feri

Nanunua kamba wabichi, robo kilo. Nitawasaga, nitawagandisha vipande vidogo kama punje ya mahindi. Wauzaji wamenizoea, ila hawajaacha kunishangaa: natoka na ndoo ya samaki hai katikati ya soko la samaki wafu nikiwa nimenunua chakula cha samaki.

Saa 2:30, Upanga

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umewaleta?"

Mzee ni mstaafu wa benki. Tangi lake ni sentimita 60 kwa 40, na maji yamepanda sentimita 40 na kitu. Kwa hesabu ya darasani ni lita 100. Ukiondoa mawe na mchanga, hazizidi 85. Hili ndilo jambo ninalolirudia kila ninapokwenda: tangi dogo ni gumu kuliko kubwa. Kosa la kijiko kimoja cha chakula, ambalo kwenye lita 500 lingepita bila mtu kujua, hapa linakuwa msiba.

Tulilijaza maji miezi mitatu iliyopita na likakaa wiki sita bila samaki hata mmoja. Mzee alikuwa akinipigia: "Mwanangu, nimenunua maji?" Lakini kulikuwa na kazi inaendelea ndani. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa naitraiti, nayo ni sumu pia, na kundi lingine huigeuza hiyo kuwa naitreti, ambayo kwa kiasi kidogo samaki huistahimili. Bakteria hao huota kwenye mawe na mchanga taratibu, wiki nne mpaka sita, na hawaharakishwi kwa simu.

Napima. Amonia sifuri. Naitraiti sifuri. Naitreti 10. Uzito wa maji kwenye refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, ni 1.027. Chumvi imezidi, na hapo nanyanyua uso.

"Nani aliongeza maji?"

Dada wa nyumbani anajitokeza mlangoni. Kumbe juzi maji yalipopungua aliongeza ya kwenye dumu la maji chumvi, kwa nia njema kabisa. Namweleza bila kumlaumu, maana kosa ni langu, sikuandika chochote kwenye dumu. Kinachopaa ni maji peke yake, chumvi hubaki. Kwa joto la Dar tunapuliza feni juu ya tangi ili mvuke uondoke na joto lishuke kutoka nyuzi 29 hadi 26 au 27, kwa hiyo lita moja na nusu hadi mbili hupotea kila siku. Zinazorudishwa lazima ziwe baridi zilizochujwa, zisizo na chumvi wala klorini. Nabandika selotepu nyekundu kwenye kioo, "JAZA MPAKA HAPA", na kwenye dumu la maji baridi naandika kwa maka peni herufi kubwa kama za duka la dawa. Kisha natoa maji ya tangi kidogo kidogo na kurudisha baridi. Sirekebishi yote leo. 1.026 inatosha, kesho watamalizia wao.

Saa 3:20

Kuzoeza. Nachota maji ya tangi kwa mpira wa dripu wa hospitali, ule wenye kigurudumu cha kupunguza kasi, unaouzwa famasi yoyote. Tone moja moja linaingia kwenye ndoo, saa nzima. Sijawahi kuona kifaa cha dukani cha kazi hii kinachoushinda.

Saa hiyo nzima ndipo mazungumzo yanapokuwa marefu. Mzee anatoa karatasi mfukoni. Ameandika samaki saba.

Wa kwanza ni kangaja wa bluu mwenye mkia wa njano, Paracanthurus hepatus, anayetakwa na mjukuu wake wa miaka minane. Ni samaki wa huku huku Bahari ya Hindi na Pasifiki, mzuri kweli kweli. Dukani ana urefu wa kidole. Nachukua tepu, naivuta sentimita 30 mbele ya kioo.

"Akikua anafika hapa, mzee. Nusu ya tangi. Na ni samaki wa kuogelea mwendo mrefu kutwa nzima."

"Si tutamtoa akikua?"

"Wote husema hivyo."

Wa pili kwenye karatasi ni yule mdogo wa rangirangi, mandarini. Huyo kimo chake si tatizo. Tatizo ni kwamba hula wadudu wadogo wa kwenye mawe mchana kutwa, na mawe ya tangi la miezi mitatu hayana ghala la kumlisha. Atakonda mbele ya macho yenu huku mkisema ana afya kwa kuwa ana rangi. Wa tatu ni wa anemoni mwenye mistari mitatu myeupe, ambaye si wa pwani hii bali wa huko Indonesia, Ufilipino na Australia, na jozi mbili za jamii hii katika lita 85 ni vita. Mzee mwenyewe anaanza kukata majina kwa kalamu. Anabakisha moja, samaki mwembamba, mweupe mbele na mwekundu nyuma, mwenye pezi refu kama antena, Nemateleotris magnifica. Huyo nakubali, ila baada ya mwezi na nusu, na baada ya kupata mfuniko wa wavu. Ni mrukaji. Nimeshamwokota mmoja nyuma ya kochi la mteja, mkavu kama dagaa wa Mwanza.

Ukali huu sikuzaliwa nao. Mwaka wangu wa pili wa kazi mteja mmoja alikuwa na sherehe Jumamosi, akanilipa vizuri, nikatia samaki saba siku moja kwenye tangi la kimo kama hiki. Bakteria waliokuwepo walikuwa wa kutosha samaki wawili. Jumapili maji yalikuwa na ukungu, Jumatatu walikuwa wanahema juu juu, Jumatano nilimtoa wa sita. Nilirudisha pesa zote. Wa saba, bunju mmoja mdogo, nilikaa naye nyumbani mwaka mzima, na kila nilipomtazama alikuwa ananikumbusha.

Saa 4:30

Tangini tayari kuna wenyeji: samaki mdogo aitwaye gobi wa njano na kamba bastola wake. Walitangulia wiki kadhaa zilizopita kwa sababu ni wapole, na mpole huwekwa kwanza ili achague nyumba kabla wenye makeke hawajafika. Kamba haoni vizuri. Kazi yake ni kuchimba shimo na kusomba mchanga, papasi wake mmoja akiwa amemgusa gobi muda wote. Gobi anasimama mlangoni. Kukiwa na hatari anatikisa mkia, na kamba anarudi ndani kinyumenyume. Mzee anasema hajaangalia taarifa ya habari tangu waje.

Nazima taa ya tangi. Nawashika wageni kwa bakuli, si kwa wavu, nawaachia. Maji ya ndoo namwaga chooni.

Mkubwa anakwenda moja kwa moja kwenye kona yenye pampu. Mdogo anamfuata, anajitikisa ubavu kama mtu mwenye homa. Mzee anashtuka. Ni salamu tu, namwambia, ndivyo mdogo anavyomkiri mkubwa.

"Na anemoni yao?"

Bado. Anemoni inataka mwanga mkali na tangi lililokwisha kukomaa kwa karibu mwaka mzima, na samaki hawa wanaishi vizuri bila hiyo. Mpwa wake, anasema, ana boti, angeweza kuchukua moja kisiwani Mbudya pamoja na jiwe la matumbawe. Nakataa kabla hajamaliza. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975. Matumbawe laini yaliyomo humu nimeyakata kutoka kwenye tangi la mteja mwingine, na yanazaa ya kutosha.

Saa 5:15

Umeme unakatika.

Feni kimya, pampu kimya. Namwambia Mzee asilishe. Nachomeka pampu ya betri niliyokuja nayo, mapovu yanaanza. Maji ya moto hubeba hewa kidogo, na hapa ndani kipimo kinasoma 27.4, 27.6, 27.9. Nakaa. Tunakunywa chai ya tangawizi na kutazama namba kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Saa 7 kasoro umeme unarudi. Naiacha pampu pale, nitanunua nyingine.

Saa 8:30 mchana, Posta

Ofisi ya mawakili, tangi la maji baridi. Nafuta kioo, nabadilisha lita 40, nasaini daftari la getini. Nusu saa.

Saa 12:45 jioni

Pantoni tena, nimesimama, ndoo tupu miguuni. Jua limeshazama nyuma ya mji.

Saa 3:00 usiku

Nimelimwaga tangi la karantini, nimelisuuza, nimeliegemeza ukutani likauke kabisa. Kamba wa Feri wako kwenye friza. Simu inalia: ujumbe wa sauti kutoka kwa Mzee, dakika mbili na sekunde 40, na chini yake picha. Wawili wamelala ubavu kwa ubavu chini ya pampu. Kwa nyuma gobi yuko mlangoni kwake.

Nusu dakika baadaye unaingia ujumbe wa pili, wa sekunde nne, sauti ya mtoto: "Shangazi, na yule wa bluu?"