Rangi Inapakwa Usiku Mmoja

Mabehewa yale ya kuchezea Babu aliachiwa na injinia Mwingereza, bosi wake wa zamani kwenye karakana ya reli hapa Tabora. Miaka yote yalikaa kwenye sanduku chini ya kitanda, na sisi watoto tulikatazwa hata kulisogeza. Siku moja akaja mnunuzi kutoka Dar es Salaam, akataka kujua lipi ni la wakati gani.

Nikayamwaga mkekani, nikaanza kuyapanga kwa maandishi. Yalikuwa Hornby Dublo, treni ambazo kampuni ya Meccano ya Liverpool, Uingereza, ilianza kuziuza mwaka 1938. Reli za Uingereza zilitaifishwa Januari 1948, basi lenye herufi LMS, kampuni ya reli ya kabla ya hapo, nikaliweka mbele; lenye M kabla ya namba, alama ya baada ya hapo, nikalisogeza nyuma.

Babu, mkaguzi wa mabehewa mstaafu, alinitazama weee, kisha akacheka.

“Mjukuu wangu, rangi inapakwa usiku mmoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, unadhani tulipaka upya mabehewa mangapi? Geuza tumbo juu.”

Nikageuza. Lile la LMS, bati tupu lililochapwa rangi, lilikuwa na magurudumu ya plastiki! Wenzake wa bati walikuwa na ya chuma.

Treni hizo mwanzoni zilitumia reli tatu: umeme unaingia kwa reli ya kati, unarudi kwa za pembeni. Gurudumu la chuma halikuwa na shida hapo. Mwaka 1959 ulipokuja mfumo wa reli mbili, gurudumu la chuma kwenye ekseli ya chuma lingeziunganisha reli zote mbili na kupiga shoti. Ndiyo maana plastiki.

Mimi nikadhani tumepata toleo adimu la kiwandani, nikaanza kupiga hesabu ya bei. Babu akavaa miwani, akapitisha ukucha penye matundu ya ekseli.

“Bisibisi imepita hapa. Bwana alinunua reli mpya, na hili alilipenda. Akalibadilisha viatu.”

Mnunuzi aliporudi, mimi nilitamani tunyamaze. Babu akalitanguliza lile lile, akalipindua kiganjani na kumwonyesha mikwaruzo kabla hajaulizwa. Jamaa akakata bei palepale. Kwa yaliyobaki hakupunguza hata shilingi, wala hakugeuza hata moja.